Mbwa Aliyetupwa na Haki Yake Juu Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, katika mojawapo ya darsa zetu tumeulizwa swali na ndugu mmoja mwenye shamba na mbuzi: je, yafaa Muislamu aende katika makao ya wanyama waliotupwa, mfano wa yale ya chama cha KSPCA yaliyoko Karen, Nairobi, amchukue mbwa aliyeokotwa njiani akamfuge? Kabla hajajibiwa, baadhi ya waliohudhuria walicheka, na mmoja wao akasema, "Mbwa ni najisi, hana haki kwetu." Kicheko hicho ndicho kilichotushikisha kalamu, kwani ndani yake tumeona kosa.

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, tuyafuatayo wengi wetu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik yeye ameona kuwa mbwa ni tahiri. Lakini hata kwetu sisi Mashafii, najisi ni hukumu ya kuosha, si ruhusa ya kutesa. Damu yetu wenyewe ikitoka ni najisi; je, kuna ampigaye mawe majeruhi kwa sababu anatoka damu?

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa akihema na kula tope kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno mpaka juu, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumghufiria. Masahaba wakamuuliza Mtume (s.a.w.) kama wanyama nao wana ujira kwetu, naye akawajibu kuwa kila kiumbe kilicho hai kina thawabu kwa mwenye kukitendea wema. Mtu yule hakuulizwa kama mbwa ni najisi. Kiatu huoshwa, moyo mgumu waoshwa kwa nini?

Wako watakaosema kwamba Mtume (s.a.w.) aliamuru mbwa wauawe. Na wasome hadithi mpaka mwisho wake. Katika Sahihi Muslim yaelezwa kwamba kisha aliikataza amri hiyo, isipokuwa kwa mbwa mweusi mwenye alama mbili, na akawaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kuchunga. Mwenye kushika nusu ya hadithi ili ahalalishe mawe ya watoto wake hafuati Sunna, bali afuata matamanio yake.

Sasa twarudi kwa muulizaji. Hadithi sahihi zimeonya kwamba mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa kila siku na ujira wake kwa kirati, na katika riwaya nyingine kirati mbili, ila awe mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Imamu Nawawi ameona kuwa lililo sahihi zaidi ni kufaa pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kukisia juu ya hao watatu. Basi ndugu yetu mwenye mbuzi ana ruhusa iliyo wazi. Wala asimwingize chumbani, kwani imepokewa kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Amjengee kibanda uani, amtengee chombo chake, ampe chakula, maji na kivuli. Qurani katika Suratul Kahf yatusimulia mbwa wa watu wa pangoni, naye alikuwa kizingitini. Hapo ndipo mahali pake pa heshima.

Tena twaona kwamba kumchukua mbwa aliyetupwa kuna salama zaidi kuliko kumnunua, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa. Akitakiwa kulipa chochote katika makao hayo, na anuie kulipia chanjo na malezi, si kununua.

Na chanjo si jambo dogo. Karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa ulimwenguni huambukizwa na mbwa, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kuukomesha ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Ajitengaye na jambo hili kwa kusema "sisi hatugusi mbwa" ahatarisha watoto wa mtaa mzima. Amshike mbwa, ampeleke akachanjwe, kisha anawe. Maji na udongo viko.

Na asiye na haja ya mbwa asifuge. Lakini hata yeye aweza kuweka maji nje ya ukuta wake, kuyasaidia makao hayo, na kumzuia mwanawe asirushe jiwe. Twaogopa aibu ya Siku ya Kiyama, aje mtu aliyeosha vyombo vyake mara saba, naye amepita siku zote karibu na kiumbe chenye kiu asigeuze uso.

Ewe Mola, tupe usafi wa nguo na wa nyoyo. Wabillahi tawfiq.