Hiba au Deni?

Ndugu Waislamu, nyumba za zamani za Ziwani, Nairobi, zilijengwa na baraza la mji ziwe za kupangisha. Mzazi aliyekaa humo hata miaka 40 hana nyumba ya kumrithisha mwanawe. Basi mwana atakapo kununua yake, mzazi humtolea akiba, asiingie katika riba. Hilo ni jema. Lakini semeni mapema: ni hiba au ni deni? Ikiwa deni, liandikeni mbele ya mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Ikiwa hiba, wakumbukeni nduguze: Mtume (S.A.W.) alikataa kuishuhudia hiba ya Bashir kwa mwanawe Nuuman, kwa kuwa wanawe wengine hawakupewa mfano wake. Lisilosemwa leo mzazi yu hai, ndugu watateta kwalo siku ya mirathi. Wallahu aalam.