Wewe Unadandia Lori Gani?



Kabla hujaendelea kusoma, kama una Biblia karibu fungua 1 Wakorintho 9:24-27, kisha Mathayo 6:1-6. Halafu njoo tuongee.

Leo nakupeleka kwenye barabara ninayoijua kuliko zote: Mombo kwenda Lushoto, kama kilomita 33. Unaianza chini kwenye joto na mkonge, unapita Soni penye maporomoko ya maji, unaimaliza kwenye baridi, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kona juu ya kona, huku mwamba, huku bonde. Ukitaka kujua kama una miguu au una maneno tu, ipande kwa baiskeli.

Mimi ndiko ninakofanyia mazoezi. Ndoto yangu ni siku moja kuishi kwa mchezo huu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika. Nikasema, kumbe inawezekana!

Sasa naomba niseme jambo ambalo nimeshaliungama kwa padre.

Jumamosi moja nilipofika karibu na Soni, miguu iligoma. Likapita lori lililotoka kushusha mboga, linarudi juu tupu, taratibu. Nikadandia. Mkono mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye usukani. Nilijua ni hatari, lakini raha yake, acha tu! Nikaachia kabla ya kuingia mjini, nikajimwagia maji usoni yaonekane jasho. Wenzangu wakatazama saa: "Kaka, leo umepaa!" Mimi nikacheka tu. Sikutamka uongo wowote, ila kimya changu kilisema uongo kwa niaba yangu.

Nikasahau. Lakini kuna mdogo wetu mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, anayeendesha baiskeli ya kuazima. Yeye hakusahau. Aliuandika ule muda wangu kwenye daftari, akawa anaufukuzia. Baada ya wiki kadhaa akanifuata baada ya Misa.

"Kaka, shikamoo. Mimi naacha."

"Marahaba. Unaacha nini?"

"Baiskeli. Nimeujaribu muda wako mara nne, siufikii. Mimi sina kipaji, bora nikamsaidie mama shambani."

Ndugu zangu, nilikosa pa kuweka uso. Na bado sikumwambia! Nilimpa moyo wa juu juu, nikaondoka. Usiku sikulala. Kesho yake nikaenda kuungama. Padre alinisikiliza, akanipa sala za malipizi, kisha akaniambia kwa upole kwamba kuna mtu ninamdai ukweli, yaani mimi ndiye ninayedaiwa. Nikamtafute.

Nilimkuta anapalilia karoti. Nikamweleza yote, hadi yale maji ya usoni. Aliniangalia kwa muda. "Kwa hiyo ule muda haupo?" Nikamwambia, haupo. Akaendelea kupalilia.

Alirudi barabarani baada ya mwezi hivi. Tunaendesha pamoja, lakini muda wangu haulizi tena. Anatazama saa yake. Hilo ni deni ninaloendelea kulilipa, na sina haki ya kumharakisha.

Padre yule aliniambia pia nisome habari za Gino Bartali. Huyu alikuwa Mwitaliano, Mkatoliki wa kweli kweli, bingwa wa Tour de France mwaka 1938 na tena 1948. Katikati hapo kulikuwa na vita. Wayahudi walipokuwa wakisakwa, Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze alimwomba asaidie. Bartali akawa anasafiri kati ya Firenze na Assisi kama mtu anayefanya mazoezi, kumbe ndani ya mabomba ya baiskeli amekunja picha na karatasi za vitambulisho vya kuwaokoa watu. Angekamatwa, angeweza kuuawa. Vita vikaisha, naye hakujitangaza. Alifariki mwaka 2000, na watu wengi walikuja kulijua jambo hilo baadaye. Mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ikamtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa.

Mwenzangu alificha wema, mimi nilificha lori. Baba aonaye sirini alituona wote wawili.

Mtume Paulo, baada ya kusema habari za mbio na taji, anakiri hofu yake: asije akawahubiria wengine, kisha yeye mwenyewe akakataliwa. Hofu hiyo naielewa sasa. Kuna mtu nyuma yako ameandika muda wako kwenye daftari. Wewe unadandia lori gani? Kibomu cha kwenye mtihani? Risiti ya kughushi kazini? Maisha ya kuazima unayoweka kwenye status, huku mdogo wako anajiona ameshindwa maisha?

Wiki hii fanya mambo mawili. Nenda kaungame. Kisha mtafute yule mmoja unayemficha ukweli, umwambie. Na ukitenda jema, kaa kimya.

Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kikanisa chake kiko juu ya mlima huko Italia, nacho hufikiwa kwa kupanda. Tusali:

Ee Bwana Yesu, uliyepanda Kalvari kwa miguu yako, utupe nguvu ya kupanda kwa haki, na unyofu wa kusema tulipoishia. Bikira Maria wa Ghisallo, utuombee. Amina.