Roketi ya Luvua

Betri ya sola ikiwa imejaa, egemeza simu kwenye bidoni, umpakate mtoto, mtazame mfululizo wa filamu wa vyombo vya angani. Usimwambie ni upuuzi wa wazungu. Akiuliza, “Papa, roketi inaweza kuruka huku kwetu Kongo?”, jibu lipo: zilisharushwa. Mei 1977 kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha ya kwanza kutoka nyanda za juu karibu na mto Luvua, mbali kusini ya Kabambare, katika jimbo la Shaba la wakati ule. Juni 1978 Rais Mobutu mwenyewe alikwenda kushuhudia. Roketi ya siku hiyo ikapinda, ikaanguka. Mtoto ataipenda zaidi hiyo iliyoanguka. Kisha weka sehemu inayofuata ya mfululizo. Nawe pia, sema kweli, unataka kujua kama nahodha ataokoka.