Mgeni Njoo, Lakini Upitie Wapi?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunaitumia methali hii kila mtalii akishuka ndege, kana kwamba mwenyeji anapona tu pindi pasipoti inapogongwa muhuri. Ebu isome tena polepole. Methali inachukulia kwamba mgeni atabisha mlango wa mwenyeji. Ataketi, atapikiwa chai, na kwa sababu yake hata watoto wa nyumba hiyo watakula nyama siku hiyo. Haisemi lolote kuhusu mgeni anayeingilia nyuma, anakula huko nyuma, anaenda zake, na mwenyeji anajua kulikuwa na mtu kwa sababu aliona vumbi la gari.

Swali langu ni hilo la mlango. Mji ukijengewa kitu kipya cha kuvuta watu, iwe ni makumbusho, bustani, mnara au gurudumu la kukuzungusha angani, huwa tunabishana kuhusu gharama na kuhusu nani amekula tenda. Mara chache tunauliza kimewekwa wapi, na mtu akienda kukiona atapita mbele ya nani. Watu hudhani hilo ni swali la wachora ramani. Mimi nadhani ni swali la haki.

Tuanze na nyayo. Kwa mtu wa ofisi, watu wanaojaa barabarani ni msongamano. Kwa mama wa smokie, kwa fundi wa simu, kwa kijana anayeuza soksi tatu kwa mia, hao ndio mshahara. Ukitaka kujua nyayo zinauzwa bei gani, nenda ukodishe duka la ukubwa wa kabati huko chini, River Road ama Luthuli. Kabla ya kodi utaitishwa kilemba, na kilemba hicho si cha kuta wala si cha balbu. Unalipia watu wanaopita mlangoni. Sogea vichochoro viwili nyuma, pale ambapo hakuna anayepita, na duka la ukubwa ule ule linashuka bei.

Kwa hivyo nyayo ni mali. Ni mali ya ajabu kidogo, kwa sababu hakuna aliyeitengeneza peke yake. Imeletwa na steji ya matatu, benki, kanisa la saa saba mchana, hospitali, shule, na ile tabia ya watu kupita njia waliyoizoea. Mwenye duka amekuta watu wakipita, akafungua. Siku ukibadilisha mahali watu wanapoenda, umegusa riziki ya watu ambao hawajui jina lako na wala hawakuulizwa.

Sasa iangalie Nairobi kwa macho ya mgeni. Anatua JKIA. Tangu 2022 kuna Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na inapofika katikati ya mji inapita juu ya nguzo. Mgeni anapaa juu ya mji na kwenda kulala Westlands. Kesho yake ratiba inajulikana: mbuga asubuhi, watoto wa ndovu, twiga, halafu jumba la Karen Blixen. Vyote viko upande wa Lang'ata na Karen. Anaweza kukaa siku tatu, apige picha mia nne, aandike mtandaoni kwamba Nairobi ni poa sana, na mguu wake haujakanyaga Moi Avenue.

Simlaumu. Huwezi kuhamishia simba Tom Mboya Street, ingawa kuna jioni mtu anaweza kuapa kwamba wako pale tayari. Mbuga ilitengwa 1946 pale pale wanyama walipokuwa. Kuna vivutio ambavyo hakuna binadamu aliyevichagulia mahali.

Lakini gurudumu halizaliwi porini. Two Rivers ilipofunguliwa 2017 kwenye Limuru Road, karibu na Ruaka, ilikuja na gurudumu lake, maduka, mikahawa na maegesho, vyote pamoja. Ni mahali pazuri, na watoto wanapapenda. Waliojenga walikuwa na ardhi yao na pesa zao, na hawadaiwi chochote na mama wa smokie wa tao. Angalia tu jinsi siku inavyoenda. Familia inatoka nyumbani kwa gari, inaegesha ndani, inakula ndani, inapanda gurudumu, inarudi nyumbani. Mlango umeundwa kwa ajili ya gari, na kila hatua ya siku hiyo imebaki ndani ya geti.

Linganisha na KICC. Jengo lile lilifunguliwa 1973, na kwa miaka mingi ukitaka kuona Nairobi kutoka juu ulipanda huko. Liko katikati ya tao. Ili ufike, unashukia steji, unapita City Hall Way ama Harambee Avenue kwa miguu, unavamiwa na wapiga picha, unanunua maji, mtoto anataka njugu, unanunua njugu. Zile hatua mia tatu za mwisho kabla ya lifti zimelipa karo za watu. Hakuna aliyezipanga kama msaada. Mlango uliwekwa pale, basi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Mombasa. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, na walichowaza ni mizinga, si biashara ndogondogo. Baadaye ikawa gereza la wakoloni kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kama makumbusho 1962, na 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hakuna hata mmoja kati ya hao wajenzi na askari jela aliyemfikiria muuza viazi karai. Ila ngome imesimama pale Mji wa Kale unapoanzia. Ukitoka langoni na una miguu na udadisi kidogo, unajikuta Ndia Kuu, kati ya milango ya nakshi, mabuyu, achari na kahawa chungu. Historia katili imetuachia jirani mwema.

Hata hapo, si kila mgeni anamponya mwenyeji. Kuna anayekuja na basi kutoka hoteli za ufukweni. Basi linasimama langoni, anaingia, anaonyeshwa mizinga, anatoka, anarudi kula hotelini kwa sababu chakula alishakilipia kabla hajaondoka kwao. Na kuna aliyekuja na tuktuk na hana haraka. Ngome ni ile ile, tiketi ni ile ile, lakini kwa muuza achari hawa ni watu wawili tofauti kabisa. Hapo ndipo nilianza kuona kwamba kuwa karibu kwenye ramani hakutoshi. Lazima uulize pia gari linasimama wapi.

Kuna mji Marekani ambao umelipa pesa nyingi kujifunza hilo. Unaitwa St. Louis, kando ya mto Mississippi. Kuanzia 1939 walibomoa karibu vitalu 40 vya majengo ya zamani ufukweni mwa mto ili kupata nafasi ya mnara wa kumbukumbu. Mwaka 1965 ukakamilika: Gateway Arch, upinde wa chuma wa mita 192 uliobuniwa na Eero Saarinen, kitu cha kukufanya usimame na kufungua mdomo. Kwenye ramani upinde umepakana na katikati ya mji. Ila kati yao ilipita barabara kuu ya magari iliyozamishwa kama mtaro. Mtu aliweza kuegesha kwenye jengo la maegesho lililokuwa kando ya upinde, apande juu, ashuke, aende zake, mji akiwa ameuona kupitia dirisha tu.

Miaka hamsini baadaye wakaanza kurekebisha, kwa mradi wa dola milioni 380 hivi uliokamilika 2018. Na walifanya nini? Upinde hawakuusogeza hata inchi moja. Walijenga bustani juu ya ile barabara ili watu wavuke kwa miguu. Walibomoa lile jengo la maegesho, kwa hivyo mwenye gari sasa aliache mjini na atembee. Na mlango mpya wa makumbusho wakaufanya uangalie mji. Hayo tu: njia, gari na mlango.

Sidai kwamba mji ule sasa umepona. St. Louis ilikuwa na watu zaidi ya laki nane mwaka 1950, na kufikia 2020 walibaki kama laki tatu. Huwezi kutibu ugonjwa wa namna hiyo kwa bustani moja. Ninachochukua kwao ni kidogo zaidi: walikubali kwamba mahali mlango unapoangalia ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu unaweza kudaiwa sababu.

Mtu atanijibu: sawa, basi tupeleke kila kitu tao na shida iishe. Haiishi. Ukiishi Nairobi umewahi kuambiwa “tupatane Archives.” Umesimama pale nje ukimngoja mtu anayesema “niko hapa tu” na bado yuko Kangemi. Nyuma ya mgongo wako, ghorofa ya chini ya jengo hilo, kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya. Vinyago, nguo, vito, vitu kutoka pembe nyingi za Afrika. Uliza marafiki zako watano ni wangapi wamewahi kuingia. Archives iko katikati kabisa ya mto wa nyayo, pale tao ya juu na tao ya chini zinapogusana, lakini wengi wetu tunaijua kama ukuta wa kuegemea. Kumbe mlango unaweza kuwa mahali pazuri na bado usimkaribishe mtu. Kivutio kina deni la kumwita anayepita, na anayepita ana deni la kugeuka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nyayo pia huumiza. Venice imejaa hadi mwaka 2024 ikaanza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 ili tu waingie mjini. Na hapa kwetu tunajua kinachotangulia uzuri. Kabla ya utepe kukatwa, kanjo wanapita. Kitu cha kwanza kuondolewa mji ukipambwa ni watu: mama wa mayai, kijana wa miwani, mzee wa viatu. Barabara inafagiliwa, maua yanapandwa, kodi inapanda pamoja na maua. Mwaka mmoja baadaye kuna mkahawa wa kahawa ya mia nne pale pale palipouzwa chai ya ishirini. Nyayo zimeongezeka kweli, lakini zinamlisha mtu mwingine.

Tangu niache chuo mimi hutembea kutoka Ngara hadi tao karibu kila siku, kwa sababu makala hulipwa ikipenda yenyewe na fare hulipwa papo hapo. Kuna mama ninayenunua njugu kwake njiani. Anasoma kalenda kwa miguu ya watu: anajua shule zimefunguliwa, anajua mishahara imechelewa, anajua kuna maandamano kabla simu yangu haijaniambia. Siku moja nilimuuliza, kwa ule ujuaji wa mtu anayeandika, kama angefurahi watalii wakiletwa upande wake. Hakuniuliza watakuwa wangapi. Aliuliza kama wakija, yeye ataachwa hapo.

Sijasikia swali hilo likiulizwa kwenye uzinduzi wa mradi wowote, na lina uzito kuliko hesabu zote za wageni watarajiwa. Kuweka kivutio karibu na watu halafu ukawahamisha watu ni sawa na kukiweka mbali. Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Kwa hivyo nikiona tena picha za mradi mpya, zile za kompyuta zenye miti ambayo haijapandwa na watu wembamba wanaotembea bila mizigo, nitatafuta vitu vitatu. Mlango unaangalia wapi? Gari linaachwa wapi? Na wale waliokuwa wakiuza hapo wiki iliyopita, kwenye picha wako wapi? Mwenye mradi ana haki ya kunijibu kwamba ardhi ni yake. Lakini nyayo atakazozivuta hazikuwa zake, na kama barabara ya kufika kwake imejengwa kwa kodi, ya yule mama wa njugu imo ndani.

Wewe nawe, ukiwa pale Archives na mtu wako bado yuko Kangemi, una dakika arobaini. Geuka uingie.