Mgeni Huacha Lini Kuwa Mgeni?

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitamka kwa kucheka, wala hatuulizi swali lililojificha ndani yake: akiisha kupewa jembe, akalima, akavuna, akawazika wazazi wake katika ardhi ile, je, yungali mgeni? Ziko nchi ambamo swali hili limeangusha serikali. Mojawapo ni visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, na twapenda wasomaji wetu wayatazame pamoja nasi yaliyotukia huko.

Machifu wa Fiji waliviweka visiwa vyao chini ya Uingereza tarehe 10 Oktoba 1874. Mwaka uliofuata surua iliua watu wapatao 40,000, kama inavyokadiriwa, hata ikadhaniwa kwamba taifa zima litakwisha. Gavana Sir Arthur Gordon alikataza ardhi ya wenyeji isiuzwe, akazuia pia wasitolewe vijijini mwao kwenda kuwatumikia Wazungu mashambani. Kwa hilo yastahili asifiwe. Lakini serikali yake ilihitaji fedha, na fedha ilikuwa katika miwa. Nani basi ataikata?

Tarehe 14 Mei 1879 meli iitwayo Leonidas ilifika kutoka Calcutta, imechukua Wahindi zaidi ya 450, na pamoja nao kipindupindu na ndui. Hata kufikia mwaka 1916 walikuwa wameletwa watu zaidi ya 60,000 kwa mkataba wa miaka mitano. Neno la Kiingereza la mkataba huo waliligeuza kwa ndimi zao likawa girmit, na mpaka leo wajukuu wao hulitaja neno hilo kama watu watajavyo msiba wa nyumbani. Afrika ya Mashariki nayo yaujua mkataba wa namna hiyo, kwa maana tangu mwaka 1896 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda. Ila hao wengi wao walirudi kwao. Wale wa Fiji wengi walibaki.

Tazama basi jinsi mambo yalivyofungamana. Siasa ile ile iliyomwacha Mfiji kijijini kwake ndiyo iliyomleta Mhindi shambani. Amani ya mmoja ililipiwa kwa jasho la mwingine, wala hakuna aliyewauliza wawili hao kama wapenda kuishi pamoja. Hapo ndipo tunapoona kosa la kumwita Mhindi mvamizi. Hakuvamia; aliitwa, tena jembe alipewa siku ya kwanza, si ya tatu.

Hata hivyo tusimdharau mwenyeji kwa hofu yake. Kwa lugha yake yeye ni taukei, yaani mwenye nchi, na mwingine ni vulagi, mgeni. Hesabu ya watu ya mwaka 1946 ilionyesha kwamba wageni wamewazidi wenyeji. Nani asiyetetemeka akisikia hivyo nyumbani kwake? Hofu hiyo ndiyo waliyoitumia wenye bunduki. Tarehe 14 Mei 1987, siku ile ile ya Leonidas, Kanali Sitiveni Rabuka aliipindua serikali iliyokuwa na mawaziri wengi wa Kihindi. Mwaka 2000 George Speight na wenzake walimshika Mahendra Chaudhry, waziri mkuu wa kwanza mwenye asili ya Kihindi, wakamfungia Bungeni siku 56. Maelfu ya Wahindi walihama, na hesabu ya mwaka 2007 ilikuta kwamba katika kila watu 100 wenyeji walikuwa 57, na Wahindi 37 tu. Sisi ambao twakumbuka Waasia walivyofukuzwa Uganda mwaka 1972, kwa muda wa siku 90, hatuna ujasiri wa kuwanyoshea Wafiji kidole.

Kwa maoni yetu, katika ugomvi huu vitu viwili vimechanganywa: ardhi na jina. Ardhi karibu yote ni mali ya koo za wenyeji, haiuzwi, hukodishwa tu, nasi twaona ni haki ibaki hivyo, ingawa tangu mwaka 1997 mikataba mingi ya miaka thelathini ilipoanza kwisha, wakulima wengi waliondoka katika mashamba waliyozaliwa. Hilo ni chungu, lakini mwenye shamba hakuvunja ahadi. Jina la nchi ni jambo jingine. Ekari niliyokupa imenipungukia. Jina nikikupa ningali nalo lote. Tena Kihindi kinachosemwa Fiji kilizaliwa palepale katika miwa, na huko India hakisemwi hivyo. Msemaji wake arudi wapi?

Katiba ya mwaka 2013 iliwaita raia wote Wafiji, pamoja na watu wa Rotuma na wale wa Banaba waliohamishiwa kisiwa cha Rabi mwaka 1945. Neno lenyewe ni jema. Njia yake haikuwa njema. Liliwekwa na serikali ya Frank Bainimarama, aliyetwaa utawala kwa nguvu mwaka 2006, na wenyeji wengi waliona kwamba jina lao limechukuliwa bila wao kuombwa. Mtu huweza kunyimwa hata kile ambacho angekitoa kwa hiari. Mwezi Mei 2023 Rabuka, sasa akiwa waziri mkuu kwa kura, aliwaomba Wahindi msamaha hadharani kwa mapinduzi yake. Na ndani ya Katiba ile ile kimo kifungu kisichotajwa sana katika mabishano haya: kwamba katika shule zote za msingi watoto wafundishwe, kwa lazima, lugha ya wenyeji na Kihindi cha Fiji.