Nyota Hazikuumbwa Kukuhukumu

Ndugu zangu Waislamu, na nyote mnaomcha Mungu mtakaoyasoma maneno haya, nawasihi: msivunje posa za watoto wenu kwa sababu ya nyota. Nalitanguliza hili kwa kuwa ndilo linaloniuma. Kijana ana dini, ana adabu, ana kazi ya halali. Binti ameridhia. Wazee wamekwisha kupeana mikono. Kisha mjomba mmoja anakwenda "kuwatazamia", anarudi na neno kwamba nyota zao hazipatani, huyu ni moto na yule ni maji. Posa inarudishwa, binti analia chumbani, na hakuna hata mmoja anayeuliza nyota hizo zilitazamwa wapi.

Ulizeni! Aliyewatazamia hakutoka nje usiku akainua uso. Alikaa kwenye mkeka wake, akafungua kitabu chenye jina la Abu Mashari al-Falaki, akachukua jina la kijana na jina la mama yake, akageuza kila herufi kuwa hesabu kwa abjadi, akajumlisha, kisha akatoa kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka akapata baki. Baki ya moja ni Hamali, ya mbili ni Thauri, ya tatu ni Jauza, hivyo hivyo mpaka Hutu. Siku ya kuzaliwa haikutajwa. Mbingu haikuhusika kabisa.

Sasa chukueni mapacha, Hassan na Hussein, waliotoka tumbo moja usiku mmoja. Kwa abjadi Hassan ni 118 na Hussein ni 128. Ongezeni jina la mama yao, awe Mwanaisha au Zainabu. Tofauti ya 10 haiondoki, na mapacha hao watapewa nyota mbili mbalimbali. Halafu fungueni ukurasa wa nyota gazetini, unaofuata tarehe ya kuzaliwa, na hapo mapacha wale wale wana nyota moja. Kati ya mtazamiaji wa mkekani na yule wa gazeti, mmoja anasema uongo, ndugu zangu, na mimi nawaambia ni wote wawili.

Maana hata huyo wa gazeti hajatazama juu. Watu wa Babeli ndio walioigawa njia ya jua mafungu kumi na mawili yaliyo sawa, Wayunani wakayapokea, na Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya pili baada ya Masihi, akaandika kitabu kimoja cha mwendo wa sayari na kingine cha bahati za watu. Lakini dunia inapozunguka, mhimili wake nao huyumba taratibu kama pia inayokaribia kuchoka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka kama 26,000. Myunani Hipparchus alilitambua jambo hilo kabla ya Ptolemy. Tangu enzi zao mafungu yale yameachana na makundi ya nyota yaliyoyapa majina, kwa karibu fungu zima. Aliyezaliwa tarehe 5 Aprili huambiwa kuwa ni Hamali, na siku hiyo jua limesimama mbele ya nyota za Hutu. Wanajimu wana jibu lao: wao hufuata majira ya jua, si nyota zenyewe. Basi na waache kuwauzia watu kitu wanachokiita nyota!

Siwatukani waliotangulia. Kwa karne nyingi falaki, elimu ya kupima mbingu, na unajimu, kazi ya kubashiri kwa nyota, vilikaa nyumba moja na kula sahani moja. Khalifa al-Mansur alipotaka kuanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, aliwaita wanajimu wamchagulie saa njema. Wafalme walitoa mali kwa ajili ya vipimo vya mbinguni kwa sababu walitaka kujua nani atashinda vita na nani atarithi kiti, na mali hiyo hiyo ilizaa majedwali na ala ambazo wanavyuoni wa kweli walizitumia. Al-Biruni, katika kitabu chake cha Tafhim cha mwaka 1029, alifundisha jometri, hesabu na falaki, kisha akaufafanua unajimu kwa kuwa watu waliutaka, na hakuficha kuwa imani yake katika hukumu za nyota ilikuwa haba. Huyo ndiye aliyepanda mlimani akapima ukubwa wa dunia. Alijua kipi kinapimika na kipi hakipimiki.

Lakini nyumba ya pamoja ina gharama, na umma wetu uliilipa. Sikilizeni habari ya Istanbul.

Taqi al-Din bin Maaruf, mzaliwa wa Damascus, mtu wa hesabu na fundi wa saa, alimshawishi Sultan Murad wa Tatu amjengee kituo cha kutazamia nyota. Mwaka 1577 kituo kikawa tayari: ala kubwa kubwa, maktaba, wasaidizi, na saa aliyoiunda mwenyewe yenye kuhesabu hadi sekunde. Pale Hven, kisiwa cha mfalme wa Denmark, mwanafalaki Tycho Brahe alikuwa na kituo chake, na ala za watu hao wawili, ambao hawakuwahi kuonana, zilifanana mno. Mnamo Novemba mwaka huo huo nyota yenye mkia ikang'aa angani, ikaonekana Istanbul, ikaonekana Hven.

Sultan aliuliza inamaanisha nini. Taqi al-Din, ambaye pia alikuwa mnajimu mkuu wa dola, akajibu kama mnajimu: ni bishara ya heri, majeshi yatawashinda Waajemi. Ikaja tauni. Wakafa watu wakubwa. Maadui zake ikulu wakapata la kusema, na Sheikh al-Islam akamwandikia sultan kwamba kuchungulia siri za mbingu huleta maafa. Januari 1580 ikatoka amri, na kituo kikabomolewa. Ala zile, saa ile, ndoto ya mwanachuoni ya kusahihisha majedwali ya kale, vyote vikawa kifusi kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Tycho naye alimwandikia mfalme wake maana ya mkia ule. Hakuwa amejitakasa na unajimu. Lakini alifanya na jambo la pili. Alipima mahali nyota ile iliposimama, akalinganisha na vipimo vilivyofanywa Prague. Kama ingekuwa karibu kama mwezi, watu wa Hven na wa Prague wangeiona imesogea kati ya nyota za nyuma yake. Haikusogea kwa kiasi hicho. Basi iko mbali kupita mwezi, na ile falsafa ya Aristotle kwamba huko juu hakubadiliki kitu ikapasuka. Vipimo vyake vya miaka mingi vikamfikia mwanafalaki Kepler, na mwaka 1609 Kepler akaonyesha kuwa Mars haizunguki kwa duara bali kwa njia iliyorefuka kidogo.

Naumia ninapoyaandika haya. Tulikuwa na mtu, tulikuwa na ala, tulikuwa na mbingu ile ile. Tulimtaka atabiri, na utabiri wake ulipoanguka ukaiangukia elimu yake. Na wale waliobomoa kwa jina la dini hawakutenganisha ramli na kipimo, walivibomoa pamoja. Nasi tunaopanda mimbari hatuna ruhusa ya kulirudia kosa hilo. Anayemkataza mtoto wake unajimu, kisha akamkataza na darubini, amefanya kazi ile ile ya 1580.

Kwani falaki ni amana yetu! Ni nani aliyewaonyesha wajenzi wa misikiti kibla? Ni nani aliyezipanga nyakati za sala? Msikiti wa Banu Umayya kule Damascus ulikuwa na mtu maalumu wa kazi hiyo, Ibn al-Shatir, na mwaka 1371 akauwekea saa ya jua juu ya mnara. Nahodha wa pwani yetu ya Afrika Mashariki aliyengoja kaskazi aliijua nyota ya njia. Ahmad bin Majid, bingwa wa bahari aliyetunga utenzi mzima wa njia ya pwani yetu mpaka Sofala, alifundisha kupima urefu wa nyota juu ya maji kwa vidole, ili jahazi lijue limefika sambamba na bandari gani. Mkulima wa bara alikitazama Kilimia akajua msimu wa jembe. Hao wote waliitegemea mbingu kila mwaka, na haikuwahi kuwadai ubani wala kuku mweusi.

Linganisheni na yule anayemwambia binti kuwa nyota yake imefunikwa, ailipie kuisafisha. Leo anampata kwa simu, analipwa kwa simu, na binti anauza cherehani yake. Na kwenye mkeka ule ule hukaa mpiga ramli chonganishi anayemnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, kwamba ni mchawi. Mauaji ya watu wenye ualbino, yanayochochewa na wapiga ramli wa namna hiyo, yalipozidi, Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli hao. Lakini amri ya serikali haiingii moyoni mwa mtu anayeogopa. Ndiyo maana nawasihi.

Tazameni mfano wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Mwanawe mdogo Ibrahim, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alifariki Madina, na siku hiyo jua likapatwa. Wenye hesabu za falaki wakirudi nyuma wanaikuta: 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Fikirini, ni heshima gani kubwa kuliko hiyo kwa baba aliyefiwa? Angenyamaza tu, na Arabuni yote ingeamini. Hakunyamaza. Machozi hayajakauka, akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mkiona hivyo, salini. Ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, wewe unaambiwaje kuwa Zuhali imesimama kwa ajili ya duka lako?

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, kivuli cha mwezi kitapita juu ya Misri, kitafika Makka, na huko jua litazibwa lote mchana kwa takriban dakika tano. Sisi wa Afrika Mashariki tutaliona limemegwa sehemu. Hayo yanajulikana leo kwa hesabu, na mnajimu hakuchangia hata tarakimu moja. Maimamu, tangazeni mapema sala ya kupatwa kwa jua. Walimu wa madrasa na wa shule, tafuteni miwani maalumu ya kutazamia jua, isiwe ya kawaida isiyozuia jua kuunguza macho, na muwafundishe watoto kuchora mstari wa jua, mwezi na dunia. Wazazi, siku hiyo msiwafungie ndani kwa hofu. Na wewe uliyeirudisha posa, kijana bado yupo. Mpigie simu baba yake jioni hii.