Krediti 18 Zilizokwama Mwaka wa Kwanza

Kisa hiki kimewapata wengi; nakisimulia kupitia kijana mmoja ili kieleweke. Alitoka Kisii, akahamia Minneapolis, akapata kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alitaka shahada ya bayolojia, kisha asomee udaktari, lakini karo ya chuo ilimtisha. Ndipo jamaa mmoja kanisani alipomwambia: "Ndugu yangu, hapa Marekani si lazima ukae darasani miaka yote. Fanya mitihani ya CLEP, upate krediti, umalize mapema."

Jamaa hakudanganya. Mitihani hiyo, inayosimamiwa na College Board, ipo tangu miaka ya 1960. Mtihani wa sayansi huchukua dakika 90 na ada yake ni karibu dola 100, wakati somo lilelile chuoni laweza kugharimu maelfu. Alama huanzia 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hupendekeza mwenye 50 apewe krediti. Kwa mama anayelea watoto, au kwa mtu wa zamu za usiku, huo ni msaada wa kweli na ninausifu.

Kijana alisoma kwa bidii, kitabu mkononi wazee wakiwa wamelala. Akafaulu Bayolojia, akafaulu Kemia, akafaulu Sayansi Asilia. Kila mtihani krediti 6, jumla 18, kati ya 120 ambazo shahada ya kwanza huhitaji kwa kawaida. Akapeleka matokeo kwa mshauri wa masomo wa chuo alichokichagua, na huko akakuta hesabu nyingine.

Sayansi Asilia haikuhesabiwa, kwa kuwa ilirudia mambo ambayo tayari alikuwa amepewa krediti zake. Bayolojia na Kemia zilipokelewa, lakini kama masomo ya utangulizi. Shahada ya sayansi hudai pia krediti nyingi za ngazi ya juu: jenetiki, baiokemia, fiziolojia, masomo ambayo katika vyuo vingi namba zake huanza na 3 au 4. CLEP haina mtihani wa jenetiki wala wa baiokemia. Hata angefaulu mitihani yote ya CLEP, masomo ya mwaka wa tatu na wa nne yangebaki yakimsubiri.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa maabara. Anayechagua majibu kwenye kompyuta hajaonyesha kwamba anaweza kupima asidi kwa bureti au kuandaa sampuli ya kutazamwa kwa darubini. Shule nyingi za udaktari hutaka masomo ya msingi ya sayansi yawe na maabara, na nyingine hazikubali kabisa krediti za mitihani kwa masomo hayo. Nadhani shule hizo zina haki. Mgonjwa anastahili daktari aliyezoea kutumia mikono yake. Kijana akaingia darasa la kemia ya mwaka wa kwanza, somo ambalo mtihani wake alikuwa ameshaufaulu.

Akasikia tena kwamba mitihani ya GRE ya masomo maalumu huleta krediti za ngazi ya juu. Hilo nalo liliwahi kuwa kweli: Regents College ya Albany, New York, ilikuwa ikizitoa. Lakini ETS, shirika linaloandaa mitihani ya GRE, iliufuta mtihani wa baiokemia mwaka 2016, na wa bayolojia mwaka 2021. Watu waliendelea kupeana ushauri huo hata baada ya njia kufungwa. Mitihani mingine ipo, kama DSST na TECEP ya Thomas Edison State University, na baadhi yake huhesabiwa ngazi ya juu. Kwa upande wa sayansi, hiyo ni michache.

Wewe unayepanga kupita njia hii, kumbuka kwamba ACE hupendekeza tu. Anayeamua ni chuo chako. Mwandikie msajili barua pepe. Muulize mtihani huu utahesabiwa kama somo gani, kwa ngazi ipi, kama unatosheleza sharti la maabara, na ni krediti ngapi ambazo lazima uzisomee chuoni kwenyewe. Jibu lake lihifadhi kwa maandishi, na usilipie mtihani wowote kabla halijafika.